Mtumbwi Uliopendwa na Samaki

Juzi mjukuu wangu alisahau sufuria ya ugali wa muhogo jikoni akaenda kutazama mpira kwa jirani. Ugali ukaungua mpaka ukawa jiwe, jiwe likawa mkaa, na nyumba nzima ikajaa harufu ya muhogo uliofunga ndoa na masizi. Wenzangu walikimbilia madirisha. Mimi niliketi. Niliivuta ile harufu kwa tundu zote mbili za pua, na kama ningekuwa na la tatu ningelitumia. Mjukuu akadhani bibi yake amepatwa na kiharusi. Nikamwambia aniache kidogo, niko ufukweni, kuna mtumbwi unauzwa.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Wapo wanaorudishwa utotoni na ubani wa kanisani, wapo wanaorudishwa na mvua ya kwanza juu ya vumbi. Mimi narudishwa na muhogo na masizi, na ninaporudi huko siendi kulia. Nakwenda kusimama majini hadi magotini, mikono kiunoni, kumtazama mama yangu akikataa.

Enzi hizo tulikuwa tumehamishiwa kijijini. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa peke yake ng'ambo ya ule mlima wa mawe ulioingia ziwani kama pua ya mtu anayenusa. Tuliuita hivyo hivyo, Pua. Wakubwa wakaja wakasema tukae pamoja, tulime pamoja, shule iwe karibu, zahanati iwe karibu, bomba la maji liwe karibu. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja. Bomba, nasikia, bado lilikuwa njiani nilipoolewa. Sisemi vibaya, pale kijijini ndipo nilipopata watoto wa kucheza nao, maana ng'ambo ya Pua rafiki yangu mkubwa alikuwa mbuzi. Lakini shamba letu la muhogo halikuweza kuhama. Lilibaki kule kule, baba alikolifyeka.

Kulifikia kwa miguu ilibidi kuizunguka Pua kwa nyuma, kwenye mawe na msitu. Ukitoka jogoo wa kwanza, unafika jua liko utosini, na nyani wameshamaliza kifungua kinywa wanajadili chakula cha mchana. Ukipalilia matuta mawili, ni wakati wa kurudi. Kwa maji, safari hiyo hiyo uliweza kuianza uji ukiwa jikoni, ukafika kabla haujapoa. Natia chumvi, lakini si nyingi.

Baba mwenyewe alikuwa ameenda Tanga kukata mkonge. Mwaka wa kwanza ilikuja barua yenye picha yake, amesimama karibu na baiskeli ya mtu. Mwaka wa pili ilikuja barua isiyo na picha. Baada ya hapo hata baiskeli hatukuisikia tena. Kwa hiyo shamba lilikuwa ndilo baba yetu: lilitulisha, na mama hakulipandishia sauti.

Ndipo ukaitishwa mkutano. Ikatangazwa kwamba shamba lolote lililo nje ya kijiji, likikutwa na pori mvua za kwanza zikianza, litagawiwa mwingine mwenye nguvu za kulilima. Kamati itapita kukagua. Mama alisimama katikati ya wanaume, na hapo hapo nikatamani ardhi inimeze, akauliza swali moja tu.

"Kulikagua la kwangu mtafikaje?"

Wakacheka sana. Wakamwambia kamati inajua kazi yake, akae chini, ashughulike na majani yake. Mama akakaa. Mimi nilidhani ameshindwa. Nilikuwa sijajua bado kwamba mama alipokaa chini kimya, alikuwa anapima.

Sasa niwaeleze habari za mama. Hakuwa mtu wa maji hata kidogo. Alikuwa Mmatengo wa Litembo, juu kabisa milimani, ambako ziwa ni kitu cha kuonekana kwa mbali siku isiyo na ukungu, na watu wake hulima kwenye miteremko ambayo mbuzi huipanda kwa kusali. Hulima kwa ngolo, yale mashimo yanayopangwa mlima mzima ili mvua isiondoke na udongo. Mtoto wa kule hujua shimo kabla hajajua jina lake. Aliolewa huku chini kwa Wanyasa, na bibi mzaa baba alipenda kusimulia kwamba bibi harusi alipoliona ziwa kwa karibu aliuliza ni nani aliyesahau kufunga maji. Miaka yote tangu hapo alikuwa hajaingia ziwani kupita vifundo vya miguu. Alifua kwa kunyoosha mikono.

Mwanamke huyo ndiye aliyeamua kununua mtumbwi.

Alipanda Litembo msimu wa kahawa, akamchumia kaka yake mpaka vidole vikawa vyekundu, akateremka na shilingi sabini na tano zimefungwa kwenye pindo la khanga. Fundo lile lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, na usiku nililala nikiligusa nihakikishe halijapungua.

Mtumbwi uliokuwa ukiuzwa ulikuwa wa Mzee Gaudensi. Mzee huyo alikuwa amevua miaka arobaini, na kwa masimulizi yake miaka mia moja na ishirini. Alikuwa na sauti ya kuamsha mamba. Sasa alikuwa amechaguliwa mjumbe wa kamati ya kijiji, akawa anasema kazi za umma hazimwachii nafasi ya samaki, kwa hiyo mtumbwi anauacha, ingawa moyo unamuuma. Maana haukuwa mtumbwi wa kawaida. Huo, alisema, hauhitaji ndoano wala wavu. Samaki huufuata wenyewe kama ng'ombe wanavyomfuata mtu mwenye chumvi. Watu wazima walisikiliza wakatema mate pembeni. Sisi watoto tuliamini kila neno. Nilikuwa na miaka minane, na kwangu mimi Mzee Gaudensi na Biblia vilitofautiana ukubwa tu.

Na palikuwa na desturi. Mwanamke wa ufukweni aliruhusiwa kupanda mtumbwi, kuuosha, kupakua samaki, hata kupika pombe ya watu wanaouburuta kutoka msituni siku gogo linapoteremshwa. Lakini bei yake hakuitamka. Bei ya mtumbwi ilizungumzwa na wanaume. Kwa hiyo mama alimchukua baba mdogo Anselmi, mdogo wake baba, ambaye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi na alitembea kama mtu aliyebeba nyumba zote kumi kichwani.

Tulimkuta Mzee Gaudensi na watu wake Jumamosi mchana, pale kati ya mawe mawili ambapo wanawake hufua na kuloweka muhogo. Mtumbwi ulikuwa mchangani, mrefu, mweusi, umepakwa mafuta ukang'aa kama maharusi. Walikuwepo watu elfu kumi, yaani ishirini na watatu. Shikamoo zikatembea, marahaba zikarudi, habari za nyumbani zikaulizwa mpaka za kuku. Kisha Mzee Gaudensi akataja bei: shilingi mia na ishirini na mbuzi mmoja.

Baba mdogo Anselmi alikohoa kikohozi cha mtu anayefikiri. Akatazama mawingu. Akasema, "Mbuzi mwondoe."

Akaona amemaliza kazi. Akaomba maji ya kunywa.

Mama akamshukuru. Akamwambia shemeji pumzika sasa kivulini, hiyo iliyobaki nitaimalizia. Watu wakaangua kicheko, na Mzee Gaudensi hakumjibu mama, alimjibu baba mdogo, kana kwamba mama alikuwa barua aliyoibeba mtu.

"Balozi, mwambie shemeji yako mtumbwi si kikapu cha gulioni."

"Baba Kolumba, niambie mwenyewe," mama akamwambia Mzee Gaudensi. "Masikio ninayo mawili, na nimekuja nayo yote."

Waliongea Kiswahili. Kinyasa cha mama kingewachekesha, na kwa Kimatengo wangejifanya hawasikii. Kiswahili kilikuwa uwanja wa ugenini kwa wote, hapo walau goli lilikuwa sawa.

Akaanza kuuliza kama mtu anayeuliza habari za mchumba. Mti gani? Ulikatwa wapi? Umekaa majini misimu mingapi? Uliburutwa na watu wangapi? Mzee Gaudensi alipofika kwenye kuburutwa alifumba macho kwa utamu. Watu sitini, akasema, kutoka msitu wa juu kabisa, siku mbili, nyimbo zikasikika mpaka ng'ambo ya ziwa, na pombe mapipa mawili yalikauka.

"Walikuwa ishirini," ikasema sauti nyuma yake, "na pipa lilikuwa moja, tena nusu. Nilipika mimi."

Alikuwa Mama Kolumba, mke wake, ameinama anafua, wala hakuinua kichwa.

Mama akapiga hesabu kwa sauti, polepole, kila mtu asikie: watu arobaini wameondoka, pipa moja na nusu limemwagika, basi bei nayo iteremke nao, isibaki juu peke yake ikapigwa na upepo wa mwera. Akataja sitini na tano. Mzee Gaudensi akashika kichwa. Akasema mia na kumi. Wakaenda hivyo, yeye akishuka kama mzee kwenye ngazi, mama akipanda kama mtu mwenye goti bovu, na kila hatua ilikuwa na maneno yake. Mama aliusema mtumbwi ule mpaka nikauonea huruma. Kwamba ni mwembamba. Kwamba umepinda kama ahadi. Kwamba wamepaka mafuta mengi, na kwao Litembo hawapaki mafuta isipokuwa maiti na mkate. Mimi niliumia, maana nilikuwa nimeshaupenda, nikadhani mama haupendi na tutarudi nyumbani mikono mitupu.

Ilipofika tisini kwa sabini, Mzee Gaudensi alichoka na adabu. "Nenda kachimbe ngolo, mama. Maji hayalimwi."

Wakacheka tena. Mama akasubiri kicheko kiishe, kama unavyosubiri gari lipite ndipo uvuke. Kisha akasema vizuri, sasa uingizwe majini.

Mzee Gaudensi akakubali mara moja, tena kwa furaha. Vijana wanne wakausukuma, ukaelea kati ya yale mawe mawili, mzuri, umetulia, ndani pakavu kabisa. Akamwambia baba mdogo aingie mwenyewe apapase. Baba mdogo akapapasa, akasema pakavu. Mimi nilipewa kamba niishike, nikasimama majini hadi magotini, nikainama kuutazama tumbo.

Na hapo nikaona muujiza.

Samaki walikuwa wanakuja. Vile visamaki vya kwenye mawe, vya bluu na vya njano, ambavyo hata paka huvikataa. Kwanza vitatu, halafu kumi, halafu mimi nasema milioni na hakuna shahidi wa kunipinga. Vyote vilikwenda sehemu moja, chini ya tumbo la mtumbwi, karibu na nyuma, vikaubusu. Vilisukumana kama waumini siku ya komunyo. Kumbe ni kweli! Kumbe Mzee Gaudensi hasemi uongo! Nikapaza sauti ikasikika mpaka Mbinga mjini, nikamwita mama aje aone, samaki wanaupenda mtumbwi, wameufuata wenyewe.

Mzee Gaudensi akageuka taratibu. Sijawahi kuona meno mengi kiasi kile kwa mtu mwenye meno machache.

"Balozi, umesikia? Mtoto hasemi uongo." Akavuta pumzi. "Mia na thelathini. Na mbuzi amerudi."

Ndipo nilipojua nimefanya nini. Mama alinitazama. Nikaona shamba linaondoka, muhogo wetu kinywani mwa watu wengine, na yote ni kwa mdomo wangu. Nilitaka kuachia kamba nikimbie, lakini ningeachia nao mtumbwi.

Mama akafunga khanga juu kidogo, akaingia ziwani. Vifundo vikazama. Magoti yakazama. Kiuno kikazama. Watu walioishi naye miaka kumi walisogea mbele kuona, maana hilo nalo lilikuwa la kulipia kiingilio. Akafika pale penye samaki, akapitisha mkono chini ya tumbo la mtumbwi, akatafuta kidogo, akautoa. Kidole kilikuwa na kitu cheusi, laini. Akakinusa. Kisha, mbele ya kamati, mbele ya balozi na nyumba zake kumi, akakilamba.

"Muhogo," akasema. "Tena haujalowekwa ukatosha."

Ulimi wake ulikuwa mweusi kwa masizi.

Sasa mnisikilize, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Mzee Gaudensi alikuwa na ufa kwenye mtumbwi wake, urefu wa mkono wangu. Badala ya kuuziba kwa bati na lami kama Mungu alivyokusudia, aliuziba kwa donge la muhogo lililopondwa na masizi, akapaka mafuta juu yake. Likikauka linashika kama saruji, linakaa saa nzima au zaidi, muda unaotosha kupokea fedha. Alifikiria kila kitu. Lakini mtu huyo, aliyevua samaki miaka arobaini, hakujua visamaki vya mawe hula nini, kwa sababu hajawahi kuloweka muhogo hata siku moja maishani mwake. Mwanamke yeyote wa ufukweni anajua. Ukiloweka bila kufunika, visamaki vinakulia. Mama alilijua kwa gharama: mwaka wake wa kwanza kwa mume, mgeni kutoka milimani, aliacha muhogo wazi kati ya mawe yale yale, akarudi akakuta nyuzi tupu, na wakwe wakamcheka mpaka Pasaka.

Mzee Gaudensi alisema ni uchafu wa ziwa. Akasema maji siku hizi yamebadilika.

"Baba Kolumba," mama akasema, bado amesimama majini hadi kiunoni, "sisi wa ngolo hatujui maji. Lakini mchimba mashimo hulijua shimo hata likizibwa."

Akabonyeza kwa kidole gumba. Donge likadondoka zima, visamaki vikafanya harusi, na baba mdogo Anselmi, ambaye alikuwa bado amekaa ndani akithibitisha ukavu, akasimama ghafla na suruali imelowa.

Nani aliyeanza kucheka sijui. Najua aliyecheka mwisho, alikuwa Mama Kolumba. Aliweka nguo chini, akajifuta macho, akasema, "Na mimi wiki nzima nashangaa kinu changu kimekuwa cheusi kwa nini."

Baba mdogo alipofika nchi kavu alikuwa na hasira za watu wawili. Akakumbuka kwamba yeye ni balozi. Akatangaza kwamba huo ni udanganyifu ndani ya nyumba kumi zake, na adhabu ni kwamba mtumbwi utachukuliwa kwa shilingi thelathini, na mwenyewe ashukuru hapelekwi mbele ya sheria. Watu wakaitikia wote, ndiyo, thelathini, tena thelathini ni nyingi. Mimi niliruka. Thelathini! Tungebakiwa na fedha za kununulia kijiji kizima na mbuzi wake.

Mama akatoka majini, akakamua khanga, akasema hapana.

"Mti ni mzima na umbo lake zuri, nimeuona," akasema. "Wenye ufa kama huu ni shilingi sitini. Si mia na thelathini, wala si thelathini."

Baba mdogo akamtazama kama mtu aliyetapika dawa. "Shemeji, unakataa kupunguziwa?"

"Nakataa kupewa. Nikiuchukua kwa thelathini, kesho mtasema ulipatikana kwa nguvu ya balozi, kwa hiyo ni wa nyumba kumi zote, na kila mwenye mguu atakuja kuupanda. Nataka mtumbwi ambao nikiukalia, nimeukalia mimi."

Wakaanza kumwita mjinga. Kwanza chini chini, kisha wazi wazi. Kwamba milimani hawajui fedha. Kwamba mume hayupo, akili nayo imemfuata Tanga. Mama alifungua fundo la khanga kwa meno, bila haraka, akampita balozi, akampita kila aliyekuwa na ushauri, akaziweka shilingi sitini kwenye kiganja cha Mzee Gaudensi mwenyewe. Akawaambia watu wote ishirini na watatu watazame vizuri, waone nani ametoa na nani amepokea, kwa sababu ipo siku atawauliza.

Mzee Gaudensi alisimama na fedha mkononi, hajui aufiche wapi uso wake. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama Otilia, ni mtumbwi mzuri huo."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimeununua."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasoma madarasa ya jioni ya watu wazima, cheti changu kikiiva kwa moshi wa kibatari, mwalimu aliandika ubaoni kwamba bei ya haki ni ile wanayokubaliana muuzaji na mnunuzi. Nilinyoosha mkono. Nikamwambia mwalimu, siku ile muuzaji hakukubali, mnunuzi alikuwa peke yake, na wote waliobaki walikuwa upande wa pili. Na bei ya haki ilikuwa pale pale, imesimama majini hadi kiunoni. Mwalimu akasema hilo halimo kwenye kitabu. Nikamwambia ndiyo, na kitabu nacho hakijawahi kulamba masizi. Alinipa alama ndogo. Sikuziomba ziongezwe.

Mtumbwi tuliuziba kwa bati na lami, lakini ufa ule haukupona kabisa. Uliendelea kulia machozi kidogo kidogo, na kazi yangu ikawa kukaa juu yake na kopo la maziwa, kuchota na kumwaga. Mama akajifunza kupiga kasia. Siku ya kwanza tulizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, na ufukwe mzima ulihudhuria. Wakatuuliza kama tunasaga ziwa. Siku ya pili tukazunguka upande mwingine, mama akasema hayo ni maendeleo. Siku ya nne tukaivuka Pua. Vile visamaki vilitusindikiza mpaka mwisho wa mawe, vikakuta hakuna kitu, vikarudi. Sisi hatukurudi. Tulikwenda siku ile na kesho yake na kila siku, tukapalilia matuta yote, tukawafukuza nyani mpaka wakahamia wilaya nyingine.

Kisha mvua zikaja. Mvua za kwanza tu, lakini kijito cha nyuma ya Pua kikajaa, na njia ya miguu ikafungwa. Asubuhi moja tukaona wanaume watatu uani kwetu, wamejikunja chini ya jani moja la mgomba. Baba mdogo Anselmi. Katibu wa kata, kijana mpole aliyeletwa kutoka bara kavu huko, aliyelitazama ziwa kama mama alivyolitazama siku ya harusi. Na Mzee Gaudensi. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imekwenda kuvua. Katibu alikuwa na faili chini ya koti. Baba mdogo akasalimia, akasalimia tena, akauliza habari za kuku. Ikabidi hatimaye aseme kwamba kamati imekuja kwa ajili ya kukagua shamba.

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Mtafikaje?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Baba mdogo akaeleza kwamba ndiyo hivyo, kamati imeona, kwa vile mtumbwi upo, na kazi yenyewe ni ya kijiji, basi ingefaa... Mama akamwacha aongee mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamuuliza mtumbwi ni wa nani. Baba mdogo akatazama miguu yake. Akasema ni wako, shemeji. Mama akamuuliza na Katibu asikie, wangapi waliona ukinunuliwa, na kwa bei gani. Watu ishirini na watatu, akasema baba mdogo. Shilingi sitini.

"Basi kuvuka ni senti hamsini kila kichwa, kwenda na kurudi," mama akasema. "Ndiyo bei ya haki. Na leo Otilia anakaa mbele na mimi. Atakayekaa kwenye ufa ndiye atakayeshika kopo."

Katibu alilipa wa kwanza. Baba mdogo alilipa kwa kuhema. Tukashuka ufukweni katika manyunyu, na nilikuwa na kopo langu mkononi, nikiwatazama, nikijiuliza nani kati yao. Mzee Gaudensi hakuambiwa na mtu. Aliingia, akapita hadi nyuma, akaketi juu ya ufa wake mwenyewe, akaninyooshea mkono.

Nikampa kopo kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kuwapa wazee.